Umeongea na watu wa kwenu?



Sisi watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tukikutana huku Louisville, jimbo la Kentucky, iwe kanisani, iwe kwenye duka linalouza unga wa muhogo na makayabo, salamu zetu hazichelewi kufika kwenye swali moja: "Umeongea na watu wa kwenu?" Habari za kazi, za watoto, za kodi ya nyumba zitasubiri. Na mwenye kuulizwa hajibu mbio. Anatazama chini, kisha anasema, "Jana walipatikana," au anasema, "Tangu Alhamisi hawapatikani." Ukisikia hilo la pili, unajua huyo mtu hajalala.

Nataka jioni ya leo tuzungumze juu ya kuishi hivyo, mwili huku, roho kule. Na zaidi nataka tuzungumze juu ya namna tunavyoitazama vita ya kwetu tukiwa mbali, maana yapo mambo tunayoyafanya kwa uchungu mtupu, nayo yanawaumiza watu walewale tunaowalilia.

Mtakumbuka Januari 2025. Minova ilianguka, Sake ikafuata. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, alijeruhiwa mstari wa mbele akafariki. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 27, waasi wa M23 wakatangaza kwamba Goma iko mikononi mwao. Huo ni mji wa watu zaidi ya milioni moja, na pembeni yake walikuwapo mamia ya maelfu waliokimbia vijiji vyao, wamejenga vibanda vya turubai juu ya mawe ya volkeno, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, watu wakateremka Ziwa Kivu na bidoni zao za manjano huku masasi yakilia.

Tarehe hiyohiyo 27 ndipo ilipoanza kutumika amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi hapa Marekani. Mwaka wa fedha 2024 Wakongomani walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote katika mpango huo, karibu watu 20,000. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao, au wake zao, walikuwa wamekwisha kupimwa afya na kugawa masufuria yao kwa majirani kule kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, wanangoja kuitwa kupanda ndege. Siku moja, kwetu kumechukuliwa na huku mlango umefungwa.

Wakati wa baridi Goma inatutangulia kwa saa saba. Saa tano usiku, tunapoingia zamu kwenye maghala ya vifurushi, kule ni saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mtu anafungua mlango aone usiku umeacha nini. Ndiyo saa ambayo sisi tunatakiwa kuweka simu kabatini. Unasimama kwenye mkanda, maboksi yanapita, unasoma anwani za watu wa Ohio na Texas, mikono inajifanyia kazi yenyewe. Mapumziko yakifika unakimbilia kabati. Ukikuta alama mbili za bluu, ujumbe umesomwa, unarudi kazini ukiwa mtu. Ukikuta alama moja ya kijivu, ujumbe haujafika, zamu haiishi. Msimamizi hajui kwa nini yule Mkongomani mchapakazi leo amepeleka maboksi kwenye lori lisilo lake. Wala hutamweleza, kwa sababu utaanzia wapi? Utaanzia 1994? 1996? 1998?

Mama yangu mdogo anaishi Goma, upande wa Ndosho. Mwaka 2008, vita ya waasi wa CNDP ilipotukuta Rutshuru, sisi tulivuka kwenda Uganda. Yeye alikataa kuvuka. Alisema atashuka Goma tu, hali ikitulia arudi shambani. Hajarudi shambani mpaka leo.

Kabla waasi hawajaingia mjini tulikuwa tumepatana naye maneno. Masasi yakilia, atasema mvua imenyesha. Mtu akichukuliwa nyumbani kwake usiku, atasema amesafiri. Naweza kuyataja leo kwa kuwa tumekwisha kuyabadilisha. Basi alipopatikana, sauti iko chini kabisa, akaniambia, "Mwanangu, mvua imenyesha mfululizo. Bati la jirani limetoboka. Sisi tuko." Nikamuuliza, jirani mwenyewe yuko wapi, mama? Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini wewe unakula vizuri huko? Baridi imepungua?" Nikaelewa. Nikamjibu habari za baridi.

Wengi wetu huku hatujazoea kujibu habari za baridi. Tunapiga simu na kudai: nani amepigwa, walikuwa wangapi, walisema lugha gani, walipitia wapi? Anayeulizwa amesimama uani, ukuta wa jirani ni mbao, na kijana wa jirani ameshika bunduki kwa upande usiojulikana. Simu yenyewe inaweza kukamatwa njiani na kupekuliwa. Kisha yule aliyejibu kwa kuwa anatupenda, anajikuta amerekodiwa, na sauti yake inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili, jina lake limetajwa, mtaa wake umetajwa. Inazunguka Kentucky, Iowa, Maine, Brussels, Nairobi. Kabla jua halijazama imerudi Goma. Aliyeirusha yuko salama kwenye kochi lake, na mlango utakaogongwa usiku ni wa yule aliyeongea.

Nawaomba, na ninasema hili kwa heshima kwa walionizidi umri: tuwaache watu wetu watuambie wanachoweza kutuambia. Tuwaulize wanakula nini na unga umefika bei gani. Maswali hayo hayamtii mtu hatarini, na majibu yake yana habari nyingi kuliko tunavyodhani. Goma ilipoanguka benki zilifunga. Pesa tulizotuma ziliingia kwenye simu zao zikabaki humohumo, maana wakala hana noti, na mwenye noti anakata anavyotaka. Wenye kuweza walivuka mpaka hadi Gisenyi, wakatoa pesa upande wa Rwanda na kurudi nazo ndani ya nguo. Faranga za Kongo zilichakaa zikawa zinaungwa kwa selotepu. Dola iliyochanika kidogo ukingoni haipokelewi na mtu, na hiyo ni desturi ya Kongo nzima hata wakati wa amani, ila sasa noti iliyokataliwa ni chakula cha wiki. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha nitume kidogo kidogo, kwa sababu pesa nyingi ndani ya nyumba inaita watu usiku. Ningekuwa namuuliza majina ya makamanda nisingelijua hilo, na ningeendelea kumtumia hatari nikidhani namtumia msaada.

Na sasa hizi video. Oktoba 2024 barabara ya kwenda Minova ilikuwa imekatwa na mapigano, watu na mizigo wakawa wanapita ziwani. Boti moja iliyotoka Minova, imejazwa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wanaiona. Video ikapigwa. Ilitufikia sote, na tuliitazama, tukairudia, tukasimamisha picha tukitafuta sura. Namfahamu mama mmoja wa hapa mjini aliyemtambua mdogo wake kwa kitenge alichokuwa amevaa. Alikuwa kituo cha basi, peke yake, na mvulana anayesikiliza muziki.

Kwetu habari ya kifo ilikuwa na njia yake. Inafika kwanza kwa wazee. Wazee wanakaa, wanachagua nani aende, aende na nani, aseme vipi, na majirani wanatangulia kufika karibu na nyumba ili kilio kikianza mtu asiwe peke yake. Njia ile ilijengwa na watu waliojua mwili wa binadamu unabeba nini na nini haubebi. Sisi tumeivunja kwa kidole kimoja. Kabla ya kurusha picha ya maiti, jiulize mama yake yuko kundi gani. Tena nyingine si za kwetu hata kidogo, ni za vita ya nchi nyingine, au ni za Goma ya 2012, zimepewa tarehe mpya. Mtu analia siku nzima kwa mlipuko uliotokea zamani, halafu wa kweli unapotokea machozi yamekwisha.

Najua kwa nini tunazikimbilia. Habari za kuaminika ni chache. Redio Okapi, ambayo tangu 2002 inatupa habari kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, Lingala, Kikongo na Chiluba, wengine tunaisikia kwa shida huku. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, ambayo wazee wengi wa kwetu walikuwa wanaipangia siku yao, ilinyamaza Machi 2025 wafanyakazi wa shirika hilo karibu wote walipoambiwa wakae nyumbani. Bukavu ilikuwa imeanguka mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Mzee mmoja wa kanisa letu aliendelea kwa muda kuifungua saa ileile, akidhani kifaa chake ndicho kimeharibika. Kimya namna hiyo lazima kijazwe na kitu, na kilichojaa ni uvumi.

Watoto wetu wanatusoma. Waliozaliwa hapa hawajawahi kuonja sambaza za Ziwa Kivu zikitoka kwenye mafuta, hawajamwona kijana akiteremka mlima na chukudu iliyobeba magunia ya viazi, hawajaona Nyiragongo ikiwa nyekundu usiku. Kongo wanayoijua ni kile kitu kinachomfanya mama asimame katikati ya jikoni, simu sikioni, na kuacha sufuria iungue. Wanajua kutamka Kibumba, Sake, Masisi, kwa kuwa ni majina tunayoyataja kwa sauti iliyobadilika. Na wanajua, kwa sababu wametusikia, ni watu gani tunaowalaani. Mwaka huu mtoto mmoja wa kwetu alikataa kukaa kiti kimoja na mwenzake kwenye basi la shule. Wote wawili wamezaliwa Kentucky. Wote wawili nyumbani wanasema Kiswahili. Mwalimu akauliza kuna nini, mtoto akasema, "Baba amesema hao ndio wanaotuua."

Hilo ndilo lililonileta mbele ya kinasa sauti hiki, wapendwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hakuna mkosaji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba jeshi la Rwanda linapigana pamoja na M23, na tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kura zote bila pingamizi, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwaunga mkono waasi hao na iondoe askari wake Kongo. Kigali inakana, inasema inajilinda na kundi la waasi la FDLR. Mimi nayasadiki yaliyoandikwa na wataalamu wale. Waliouawa Kishishe na Bambo Novemba 2022, zaidi ya 130 kwa uchunguzi wa awali wa Umoja wa Mataifa, waliuawa na M23, nao walikuwa watu wa Rutshuru, watu wa kwetu. Siwezi kuyasema hayo kwa mdomo mlaini. Serikali ya Kinshasa nayo ina deni kwetu, kwa askari iliowaacha bila mshahara wa maana na kwa bunduki zilizozagaa mikononi mwa vikundi ambavyo baadhi yake vinawatesa raia vinavyodai kuwalinda.

Lakini jirani yangu wa ghorofa ya pili si jeshi la Rwanda. Ni Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, wa Minembwe, Kivu Kusini. Babu zake walikuwa wakichunga ng'ombe kwenye milima ile kabla Mbelgiji hajaleta bendera. Alikuwa Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi iliposhambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Wanyamulenge, baadhi wakichomwa ndani ya mahema. Wengi wa walionusurika waliletwa huku Marekani, naye ni mmoja wao. Tulipofika hapa sijui kitu, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, jioni baada ya jioni, kwenye uwanja wa maegesho wa duka lililofungwa, akinivumilia nilivyokuwa nakanyaga breki. Goma ilipoanguka, mtu alibandika kwenye kundi letu majina ya familia kama yake na mitaa wanayokaa. Hapahapa Louisville. Alitaka yafanyiwe nini majina yale?

Tunajua yanayotoka kwenye orodha za namna hiyo. Novemba 2023, mjini Goma, askari wa jeshi letu la taifa, Mnyamulenge aliyevaa sare ya Kongo, aliyekuwa akiitumikia Kongo dhidi ya M23, alipigwa mawe akachomwa na kundi la watu kwa sababu ya sura yake. Video yake pia ilitufikia. Nilisoma yaliyoandikwa chini ya ile video. Baadhi ya walioandika nawajua. Tunaimba nao kwaya.

Na upande wa pili wapo walioshangilia usiku wa tarehe 27 Januari. Walipika, wakacheza, wakajirekodi. Wakati wanacheza, watu wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiokota maiti kwenye barabara za Goma. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, alisema mbele ya Baraza la Haki za Binadamu, Geneva, kwamba watu zaidi ya 7,000 wamekufa mashariki tangu Januari. Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Wabashi, wote wamo. Niliziona zile ngoma na nilizitapikia, na nimewaambia wenyewe.

Nasema tunalo deni la kuushika ulimi kuliko wao wa kule. Anayelala na masasi juu ya bati akitamka neno la chuki, hofu imemsukuma. Mimi ninayelala na kipasha joto nina udhuru gani?

Tena tunacho kitu ambacho mama mdogo hana. Tunaweza kusema jina la mkubwa kwa sauti na kulala usingizi. Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington, kamera zikawaka. Siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kukimbilia Burundi. Mkataba uliotiwa saini Washington una mtu wa kuulizwa Washington. Sisi tunalipa kodi hapa, na wengi tumekwisha kula kiapo cha uraia. Mbunge wetu ana ofisi mjini hapa, simu yake inapokelewa, na anayepokea anaandika unachosema. Ulizeni uwanja wa ndege wa Goma, uliofungwa mji ulipoanguka, utafunguliwa lini ili dawa zifike. Ulizeni nani ananunua koltani ya Rubaya, mgodi ulio mikononi mwa M23 tangu 2024 na unaokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ulizeni kesi za wanaosubiri Nyarugusu zimekwama wapi. Saa moja ya kundi la WhatsApp ingetosha kupiga simu zote tatu.

Jambo la mwisho. Mama mzazi wa yule jirani yangu wa ghorofa ya pili amefariki, amezikwa huko Minembwe, na mwanawe hakuweza kufika, hakuna njia. Matanga yatakaliwa hapa Jumamosi hii, ukumbi wa chini wa kanisa lao, kuanzia saa nane mchana. Wapo waliokwisha kunipigia wakinishauri nisionekane pale, na wengine wamesema nikienda nisirudi kwaya. Nitakwenda, na mke wangu atakuja na sombe. Viti havitoshi, kwa hiyo mwenye viti vya kukunja aje navyo, na wenye magari wawapitie wazee wasioendesha.